Unga wa mfupa kwenye taya: je, swala inasihi?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kaloleni, Kisumu. Jino langu la mbele lilizibwa mzizi miaka iliyopita, sasa usaha umerudi. Daktari anataka kupasua ufizi, akate ncha ya mzizi, kisha shimo la mfupani alijaze unga wa mfupa. Nikamwuliza ni mfupa wa nani, akacheka: "Huenda ni wa ng'ombe, mama." Je, nitaswalije na kitu hicho kinywani?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Acha acheke, swali lako lina maana. Nilipata kuonyeshwa kitu chenyewe: kichupa kidogo kama cha wanja, ndani punje nyeupe mithili ya chumvi ya mawe iliyopondwa. Hulowanishwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, zikatiwa kwa kijiko kidogo.

Kwanza mwulize kama unazihitaji. Shimo likiwa dogo, mara nyingi mfupa hujijaza wenyewe usaha ukishaondolewa. Likiwa kubwa, basi kuna mfupa wako mwenyewe, unaochotwa pengine tayani. Huo Majma'ul Fiqhi ya Jeddah, baraza la kimataifa la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, iliuruhusu mwaka 1988, maadamu faida yake inazidi madhara. Kuna pia unaotengenezwa kiwandani kwa kalsiamu na fosfeti, hauna mnyama wala maiti ndani yake. Chukua mojawapo ya hiyo na moyo wako utulie.

Wa ng'ombe ndipo penye maneno. Akiwa amechinjwa kisheria, hakuna tatizo. Asipojulikana alivyochinjwa, sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi'i, twauhesabu mfupa wa nyamafu, yaani mnyama asiyechinjwa kisheria, kuwa najisi. Mahanafi, wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, wanasema ni tohara. Lakini Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii, ameeleza kwamba aliyeunga mfupa wake kwa najisi kwa kukosa kilicho tohara, ana udhuru. Na Arfaja, sahaba aliyekatwa pua vitani, alivaa pua ya fedha ikanuka, Mtume (s.a.w.) akamwamuru avae ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Basi vingine vikikosekana au vikikushinda bei, tiwa wa ng'ombe na uswali.

Mfupa wa maiti ya mtu mimi nauweka mwisho kabisa, kwa sababu ya hadithi kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai.

Jambo wanalolisahau wengi ni utando unaofunikwa juu ya punje. Baadhi yake ni kolajeni (protini ya ngozi na mifupa) ya nguruwe. Uulizie huo kabla ya sindano ya ganzi, maana upo pia wa ng'ombe na wa kiwandani.

Na ikiwa umeshatiwa bila kujua, usikubali mtu akwambie ufukuliwe. Nyama ikishafunika na kuutoa kunadhuru, swala zako ni sahihi, hulipi hata moja.

Siku za mwanzo daktari atakukataza kusukutua kwa nguvu. Usihangaike: kwetu kusukutua katika udhu ni sunna, liache mpaka nyuzi zitolewe. Wallahu a'lam.