Usiishie Irente: jibu kwa aliyeuliza kuhusu siku tatu Lushoto

Mkuu, umeuliza kama ukipanda Lushoto kwa siku tatu Irente peke yake, ule ukingo wa mwamba wa kutazamia bonde, inatosha, au kuna sehemu nyingine ya kutazamia na msitu wa kutembea. Mimi nimeoa Bumbuli, na tangu 2013 kila nikienda kusalimia wakwe natenga siku moja au mbili za kuzunguka Usambara Magharibi. Kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Haitoshi. Tena ukianza na Irente utakuwa umeanzia mwisho. Anza na msitu, halafu uende ukingoni.

Njia unaijua: unashuka Mombo, au unapanda basi la moja kwa moja kutoka Dar au Tanga. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kama kilomita 33 za lami inayojikunja na mlima. Mombo unatoka jasho, ukifika Soni abiria wanaanza kufunga madirisha. Maporomoko ya Soni yako kando ya barabara hapo hapo, yanapendeza zaidi wakati wa mvua. Ukiwa na haraka yatazame tu ukipita.

Siku ya kwanza lala Lushoto, asubuhi yake nenda Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kilomita chache kaskazini ya mji kwenye barabara ya kwenda Lukozi, na bodaboda inakufikisha. Kiingilio kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo weka salio kwenye simu kabla hujaondoka mjini. Chukua mwongozaji anayetambulika na ofisi ya hifadhi au ya utalii wa kitamaduni. Nasisitiza hili kwa sababu liliwahi kunikuta: kijana mmoja alinidaka stendi, tukaelewana bei, tulipofika katikati ya njia ya porini akasimama na kudai mara mbili yake. Nililipa, ningefanyaje? Tangu siku hiyo naanzia ofisini na ninaomba risiti.

Ndani ya Magamba usitembee kama mtu anayewahi basi. Mara yangu ya kwanza nilikwenda hivyo, nikatoka saa mbili baadaye nikisema nimeona miti. Mara ya pili nilikuwa na mwongozaji mtu mzima, Msambaa wa vijiji vya hapo, na kila baada ya hatua chache alikuwa anasimama. Alinionyesha mkulo, mti mkubwa wa milima hii, akaokota kipande cha gome lililoanguka, akakivunja na kunipa ninuse. Harufu ya kafuri, ile ile. Kisha akaniambia nibonyeze kuvumwani iliyofunika shina. Nilibonyeza kwa kiganja, maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko. Nikamuuliza jana kulinyesha? Akasema hapa hatujapata mvua wiki nzima, hayo ni maji ya ukungu.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla hujaenda kutazama bonde. Upepo unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unakutana na milima hii, unalazimika kupanda, unapoa, unageuka ukungu na mvua. Msitu unaudaka ukungu kwa majani na kuvumwani na kuuteremsha ardhini polepole, ndiyo maana vijito vya Lushoto vina maji hata kiangazi, na ndiyo maana malori ya kabichi, karoti na viazi hayakatiki kuelekea Dar. Upepo ukishavuka mlima unakuwa umekauka. Ukiwa Magamba unaona nusu ya habari. Nusu ya pili iko Irente.

Mbega weusi wenye manyoya meupe utawaona ukinyamaza. Kinyonga mwenye pembe mbili puani, ambaye ni wa Usambara Magharibi, mtafute usiku kwa tochi kwenye vichaka vya kando ya njia. Akilala hupauka, kwa hiyo mwanga ukimpiga anaonekana kama jani jeupe lililojikunja. Usimshike. Usimng'oe kwenye tawi kwa ajili ya picha. Na kuna mwenzetu mwingine aliyekujibu, akakuambia utafute lile ua la zambarau linalouzwa Ulaya kwenye vyungu. Hilo nyumbani kwake hasa ni Usambara Mashariki, upande wa Amani; Mjerumani aliyelipeleka Ulaya mwaka 1892 alikuwa mtawala wa wilaya ya Tanga. Usipoteze siku kulisaka Lushoto.

Sasa Irente. Ni kama kilomita tano kutoka mjini, unaweza kutembea kwa mguu ukipita katikati ya mashamba na watoto wanaokusalimia shikamoo hadi unachoka kuitika. Mwaka 2013 nilifika pale saa tatu asubuhi, Julai, nikakuta ukungu umejaa hadi kwenye vidole vya miguu. Nikakaa dakika ishirini, nikapiga picha ya weupe mtupu, nikarudi nimenuna. Nilipomweleza baba mkwe jioni, akaniuliza, "Ulikuwa na safari ya wapi?" Sikuwa nayo. Akasema ningekaa hadi saa tano. Nikarudi kesho yake nikakaa, na kweli, ukungu ulipasuka katikati kama pazia linalovutwa pande mbili, kisha chini kukaonekana barabara, nikajua nimesimama juu ya shimo la karibu mita elfu moja.

Kwa hiyo nenda asubuhi ukiwa na subira, jua likiwa mgongoni kwako na nyika yote imemulikwa. Au nenda saa kumi na moja jioni uone jua likizama upande wa Umasaini. Njiani kuna shamba la Kanisa la Kilutheri wanaouza jibini, mkate mweusi na jamu walizotengeneza wenyewe. Nunua, ukale mwambani. Ila ukingoni kabisa usisogee upepo ukivuma, na watoto washike mkono.

Ukitazama chini utaona Mazinde na mistari ya mkonge, barabara kuu na reli, na ng'ambo yake nyika ya kahawia isiyoisha. Geuza shingo nyuma: kijani kitupu. Ndiyo ile nusu ya pili niliyosema. Unyevu wote umebaki mgongoni kwako.

Na hapo Mazinde pana habari kubwa ambayo wageni wengi hupita bila kuijua. Baba mkwe ndiye aliyenisimulia tukiwa tumekaa kwenye mwamba ule, naye akinyoosha fimbo. Wafalme wa Kilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, waliitawala nchi hii kutoka Vuga, huku juu milimani, na mkubwa wao Kimweri ye Nyumbai alifariki 1862. Mwanawe Semboja alikuwa ameweka makao kule chini, Mazinde, kwenye njia ya misafara. Misafara ilileta bunduki na baruti. Nguvu ikateremka kutoka mlimani ikahamia nyikani, na watu wa Semboja wakaja kuivamia Vuga yenyewe. Nilikuwa nimeyasoma hayo, lakini kuyasikia nikiwa naiona njia yenyewe chini ya miguu yangu, nikipima kwa macho umbali wa kupanda, ndipo yaliponiingia.

Siku ya tatu, kama mwili unaruhusu, nenda Mtae. Hapa ndipo penyewe kwangu, kuliko Irente. Ni kama kilomita 60 kutoka Lushoto, sehemu kubwa vumbi, ukipita Lukozi kwenye soko la mboga. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima uliochomoza kwenda nyikani, nyumba zinafuata mstari wa kilele, kushoto bonde na kulia bonde. Unaona Milima ya Upare, unaona tambarare ya Mkomazi, na hewa ikiwa safi unaiona Kilimanjaro. Mimi nimelala Mtae mara nne nimeiona mara moja, saa kumi na mbili na robo asubuhi, theluji ikiwa na rangi ya waridi, haikukaa hata robo saa ikafunikwa. Mama mwenye nyumba niliyolala alitoka na kikombe cha chai akasimama nami kuitazama, yeye aliyezaliwa pale.

Usiende Mtae masika. Aprili 2018 gari letu lilinasa kwenye tope, tukashuka wote tukasukuma, tukafika saa nne usiku tumelowa. Juni hadi Septemba njia ni kavu, lakini baridi ya Julai si ya kuchezea: koti zito, soksi, na viatu vyenye meno. Ukitaka kupunguza gharama panda basi la jioni kutoka Lushoto. Kurudi ndiyo kazi, maana magari ya Mtae huondoka kabla hakujapambazuka. Muulize mwenye nyumba usiku huo huo saa kamili na umwombe akuamshe. Au fanya nilivyofanya mwaka jana, ongeza usiku wa pili.