Barua kwa mwanangu: maji ya Utah wamepewa nani

Mwanangu Neema,

Barua yako imefika, nimemsomea mama yako mara mbili. Unauliza kama wewe na mume wako mnunue ile nyumba ya matofali upande wa magharibi wa Salt Lake City huko Marekani, maana watu kazini wanasema lile ziwa la chumvi, Great Salt Lake, linakauka na vumbi lake lina sumu. Nyumba tutaifikia. Kwanza nataka ujue maji ya ziwa hilo yamekwenda wapi. Hujaniuliza, lakini ukiishi Utah bila kulijua hilo, mengine yote utayasikia kwa majirani.

Umekulia Machame. Mfereji unaujua, zamu unaijua, na ugomvi wa anayefungulia maji usiku umeusikia tangu ukiwa mgongoni. Ndiyo maana sichoki kuwaambia nyote: maji hayapotei, hupewa mtu. Utah nako ni hivyo hivyo, ila mifereji yao ni mikubwa na ugomvi wao huishia mahakamani.

Ziwa hilo halina mto unaotoka. Ni kama Natron na Magadi: mito inaingia, jua linakausha, chumvi inabaki. Mito mikubwa ni mitatu, Bear, Weber na Jordan, na Bear ndio unaoleta maji mengi zaidi. Zama za barafu palikuwa na Ziwa Bonneville, lenye kina cha zaidi ya mita 300. Angalia milima asubuhi jua likiwa chini, utaona mistari iliyolala sawasawa kwenye miteremko kama ngazi. Zile ndizo fukwe zake za zamani. Bonde lote mnaloishi ni sakafu ya ziwa, na hilo nitalihitaji nikifika kwenye nyumba.

Sakafu hiyo ni tambarare mno, kwa hiyo kina kikishuka kidogo tu, maji hurudi nyuma mbali sana. Mwaka 1987 ziwa lilifunika zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Novemba 2022, lilipofikia kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, halikufikia hata 2,600. Tofauti ya kimo kati ya nyakati hizo mbili ni takriban mita 7.

Watakwambia ni ukame. Ukame upo, na joto limeongezeka, sibishi. Lakini watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2017 walikadiria kwamba matumizi ya binadamu peke yake yalikuwa yamelishusha ziwa kwa futi 11. Maji hayo yalipewa watu, na ugawaji una tarehe. Kundi la mbele la Wamormoni, waumini wa kanisa lililoujenga mji huo, liliingia bondeni Julai 1847, siku chache kabla ya kiongozi wao, Brigham Young. Udongo ulikuwa mgumu, plau zikashindwa, na tarehe 23 Julai wakaziba kijito cha City Creek ili maji yalowanishe shamba. Katika kundi hilo la mbele walikuwamo watumwa watatu weusi, Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Sanamu za kuwakumbuka zilizinduliwa mwaka 2022 kwenye bustani ya This Is the Place, juu kidogo ya mji. Wapelekeni watoto.

Sheria ya maji iliyokuja kujengwa juu ya mwanzo huo ni rahisi kuieleza: aliyetangulia kuchukua ndiye mwenye haki ya kwanza, na asiyetumia hupoteza. Ziwa halina shamba, kwa hiyo halikuhesabika kama mtumiaji. Lilibakiwa na makombo. Mkulima wa bonde la Cache anayelima alfalfa, majani ya ng'ombe anayovuna mara tatu au nne kwa kiangazi, angeacha maji yapite angeonekana ameitelekeza haki yake. Ni mwaka 2022 tu sheria iliporekebishwa ili mwenye haki aweze kuyaacha maji yateremke hadi ziwani bila kuipoteza.

Mimi ni mtoto wa mkulima, siwezi kumwita mkulima mwizi. Na hata dawa wanayoisifu, ya kuachana na kumwagilia kwa mafuriko ya mfereji na kuweka mitambo ya kunyunyiza, ina kasoro yake. Maji yanayopita shambani bila kunywewa na mmea mengi hurudi mtoni kupitia chini ya ardhi. Mkulima akiweka mtambo, mmea wake unakunywa vizuri zaidi, mavuno yanaongezeka, na akiruhusiwa kupanua shamba kwa maji "aliyookoa", mto unapata kidogo kuliko mwanzo. Pasipo mita shambani na mkataba unaosema maji yaliyookolewa ni ya ziwa, mitambo hiyo ni mapambo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hadi leo linanichoma. Unakumbuka niliwahi kuwa Logan, huko huko Utah, nikisomea umwagiliaji. Majira ya kuchipua ya 1983 yalikuwa ya baridi, theluji ikagoma kuyeyuka, kisha mwishoni mwa Mei joto likaja kwa ghafla. City Creek, kijito kile kile cha 1847, kikazidi uwezo wa mabomba yake, na wakakigeuza kipite juu ya State Street, katikati ya jiji. Maelfu ya watu wa kujitolea walipanga magunia ya mchanga pande zote mbili, Jumapili makanisa yakaruhusu waumini wakafanye kazi, na madaraja ya mbao yakajengwa juu ya barabara. Ukiona walivyopeana magunia mkono kwa mkono, ungeamini watu hao wanaweza kushindana na lolote.

Ziwa likaendelea kupanda, kama futi 12 kwa miaka michache. Reli na barabara kuu zikawa hatarini. Jimbo likatumia takriban dola milioni 60 kuweka pampu kubwa tatu upande wa magharibi, zisukume maji ya ziwa yakakaukie jangwani. Ziliwashwa Aprili 1987. Mvua zilikuwa zimeshaanza kupungua, na katikati ya 1989 zikazimwa. Utasema, Baba, waliokuwa pale wangejuaje? Kweli, na reli ilikuwa inazama, siwezi kusema wangekaa wakitazama. Kinachoniuma ni kwamba fedha ilipatikana upesi kulipunguza ziwa, na lilipoanza kuzama chini ilichukua miongo mitatu mtu kupitisha sheria ya kulirudishia. Maji hayapotei, hupewa mtu, na hata jangwa lilipewa kabla ya ziwa.

Mwaka 2023 theluji ilivunja rekodi ile ya 1983: maji yaliyokuwamo ndani yake yalifika inchi 30, zamani ilikuwa 26. Ziwa likapanda zaidi ya futi 5, na wengi wakapumua. Mwaka mmoja mzuri haujazi deni la miaka mingi. Kinachonipa moyo ni kingine. Karibu na Preston, upande wa Idaho wa mto Bear, ambako wanajeshi wa Marekani waliua mamia ya Washoshone, wenyeji wa asili wa huko, tarehe 29 Januari 1863, Washoshone wa Kaskazini Magharibi wameinunua tena ardhi ile. Wanang'oa miti vamizi inayokunywa maji kupita kiasi, wanapanda ya asili, na maji wanayoyaokoa wanayaelekeza ziwani. Walionyang'anywa ndio wanaolirudishia ziwa.

Haya, nyumba. Vumbi la ziwa lina aseniki, ni kweli. Lakini gamba la chumvi likibaki zima hulishika vumbi. Linapovunjwa, hata kwa magari, ndipo upepo unalibeba, hasa majira ya kuchipua kabla ya dhoruba. Ukungu mchafu wa Januari ni jambo jingine: hewa baridi hunaswa bondeni chini ya tabaka la hewa yenye joto, moshi wa magari na wa kupasha nyumba ukakosa pa kutokea hadi dhoruba ije. Kwa yote mawili, uliza kama tanuru ya nyumba, ule mtambo wa kupasha joto, inaweza kubeba kichujio cha hewa cha daraja la MERV 13, kinachonasa vumbi laini, na kikichafuka kibadilishwe.

Mimi ningehofia matofali zaidi. Uliza ilijengwa mwaka gani. Nyumba za matofali za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 mara nyingi hazina nondo ndani ya kuta, na mji uko juu ya ufa wa ardhi wa Wasatch, unaoweza kuleta matetemeko. Tetemeko la Machi 2020, lililoanzia karibu na Magna, lilikuwa la ukubwa wa 5.7 tu, na liliangusha tarumbeta kutoka mkononi mwa sanamu ya malaika iliyo juu ya hekalu la Wamormoni. Upande wa magharibi udongo ni ule wa ziwa la kale, laini na wenye maji karibu. Ukitikiswa unaweza kulegea kama uji. Jimbo lina ramani za hatari hiyo, itafute mtaa kwa mtaa.

La mwisho: kama bustani ya nyumba inamwagiliwa kwa maji ya mfereji, uliza hisa za kampuni ya mfereji. Mara nyingi haziendi pamoja na kiwanja, zina cheti chake, na muuzaji anaweza kubaki nacho. Ziandikwe kwenye mkataba.

Jibu la nunua au usinunue linaniwasha ulimini, na mama yako ananitazama kwa sababu anajua. Silisemi. Mkopo mtalipa ninyi, na sijaiona nyumba. Ningesema tu kwamba nyumba ya mbao, juu kidogo ya bonde… basi, nimenyamaza.

Mkishajua mwaka wa ujenzi na habari za hisa, niandikie kabla hamjatia sahihi. Na mama yako anauliza, kikohozi cha mtoto huanza Januari au huanza upepo ukivuma? Hayo ni mambo mawili tofauti, mwangalie vizuri.

Baba yako