Bastola juu ya kabati

SWALI: Baba watoto hufanya kazi ya usiku ghalani. Jirani yetu alipovunjiwa nyumba, mume wangu alinunua bastola kwa kufuata taratibu zote. Huiweka juu ya kabati la nguo, ndani ya mkoba wa zamani, akiwa ameichomoa magazini, yaani kibebeo cha risasi. Tuna mvulana wa miaka 16 na binti wa miaka 7. Nikimsihi aifungie, hunijibu kwamba watoto hawajui ilipo, na kwamba mwizi hatamsubiri atafute ufunguo. Nifanyeje?
Mama wa watoto wawili, Grand Rapids, Michigan

JIBU: Mama, hofu yako ina msingi. Watoto hujua kila kilichofichwa nyumbani, tangu biskuti za wageni hadi zawadi za sikukuu, na mkoba ulio juu ya kabati haumshindi mtoto wa miaka 7 mwenye kiti. Kuhusu magazini, mumeo anahitaji kuambiwa waziwazi: kuichomoa hakuondoi risasi ambayo imekwisha kuingia kwenye chemba, yaani tundu la ndani inapokaa risasi iliyo tayari kufyatuliwa, na bastola nyingi huifyatua risasi hiyo hata magazini ikiwa mezani.

Tangu tarehe 13 Februari 2024, sheria ya Michigan inamtaka mwenye silaha, anapoiacha mahali ambapo mtu wa chini ya miaka 18 anaweza kuwapo, aiweke ndani ya sanduku lililofungwa, au aitoe risasi zote na kuitia kufuli. Mtoto akiichukua na mtu akafa, aliyeiacha wazi anaweza kufungwa hadi miaka 15. Kama bado hamjapata uraia, hatia ya kosa la silaha inaweza pia kuwa sababu ya kuondolewa nchini.

Jimboni mwenu, mnamo Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wanne wa shule ya Oxford kwa bastola ambayo baba yake aliinunua siku 4 tu kabla. Mwaka 2024 wazazi wote wawili walihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 10 na 15.

Hata hivyo, ninayemwazia zaidi ni mvulana wako, na sisemi hivyo kwa kumshuku. Umri wake una huzuni zinazokuja ghafla, pengine kwa sababu ya mtihani au maneno ya wenzake, na nyingi hupita. Lakini anayejaribu kujiua kwa bunduki, takribani mara 9 kati ya 10 hufa, wala hapati nafasi ya kujuta. Ukimwona amejitenga au anazungumzia kifo, silaha itoke nyumbani kabisa kwa kipindi hicho, nanyi mpige simu 988, namba ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, ambayo ni bure usiku na mchana.

Kuhusu mwizi, mwambie baba watoto kwamba yapo masanduku madogo ya chuma yanayofunguka kwa namba au kwa alama ya kidole ndani ya sekunde chache. Kama fedha ni tatizo, vituo vingi vya polisi hugawa bure kufuli za waya, zinazopitishwa ndani ya bastola isiyo na risasi. Namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto.

Binti afundishwe kwamba akiona silaha asiiguse, aondoke hapo, amwite mtu mzima. Na anapoalikwa kucheza kwa rafiki, mwulize mama wa nyumba ile kama wana silaha na kama imefungiwa.