Black Country si nchi ya weusi, baba mdogo

Shikamoo baba mdogo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya kwanza kwenye basi nikitoka kazini, mara ya pili nyumbani nimeshavua viatu. Umesema kijana wetu amepata wakala hapo Tanga, na wakala amemwambia kwamba Uingereza kuna mkoa unaitwa Black Country, yaani nchi ya watu weusi, na kwamba mkoa huo una viza zake zenyewe kwa ajili yetu Waafrika. Kianzio milioni tatu. Ukamalizia: "Na wewe mwanangu si ndiko uliko? Mbona miaka yote hii hujatuambia?" Nyuma yako nikamsikia shangazi anacheka, anasema kumbe mna nchi yenu huko.

Hilo jina limeshaniletea maswali mengi, si kwenu tu. Kwa hiyo najibu hapa kwenye kundi la familia, wote msome, na kijana namwomba asitoe hata shilingi moja mpaka afike mwisho.

Ni kweli naishi Black Country. Nipo Dudley tangu 2019. Lakini huo weusi si wa ngozi ya mtu. Ni weusi wa makaa ya mawe na moshi. Chini ya ardhi ya huku kulikuwa na tabaka la makaa nene ajabu, futi 30, kama mita 9, na mahali pengine lilikuwa karibu kabisa na juu. Penye makaa pakaja matanuri ya chuma, karakana za misumari, za kufuli, za minyororo, za vioo. Moshi ukafunika kila kitu. Miaka ya 1860 alikuwepo Birmingham konseli wa Marekani, Elihu Burritt, akaandika kwamba eneo hili ni jeusi mchana na jekundu usiku, kwa sababu giza likiingia ulikuwa unaona ndimi za moto wa matanuri kila upande. Basi. Mwafrika hayumo kwenye jina hilo.

Tena si mkoa. Ni jina la utani lililoota mizizi. Kiserikali kuna halmashauri nne, Dudley, Sandwell, Walsall na Wolverhampton, zenye watu zaidi ya milioni 1 kwa pamoja, na hata wenyeji hawakubaliani Black Country inaanzia wapi na kuishia wapi. Wapo wazee wanaoshikilia kwamba ni pale tu tabaka lile la makaa lilipokuwa, kwa hiyo Wolverhampton haimo na Stourbridge haimo. Nimeshuhudia wazee wawili kwenye kituo cha basi wakibishania jambo hilo mpaka basi likawapita. Sasa jiulize, baba mdogo: mahali ambapo wenyewe hawajakubaliana mpaka wake, patakuwaje na viza yake?

Binti wa shangazi, yule anayefanya kazi Muscat, alikuja kunitembelea kiangazi kimoja. Amefunga nguo za rangi za giza tupu, na ndani ya begi ana miche miwili ya sabuni, kwa sababu aliambiwa huku kuna masizi. Kwenye treni akawa anachungulia dirishani ananiuliza, mbona kijani? Tulipofika nyumbani akapitisha kidole kwenye ukingo wa dirisha, akakiangalia, akapitisha tena. Kidole safi. Nikamweleza kwamba moshi ule umekwisha zamani, mgodi mkubwa wa mwisho wa makaa huku, Baggeridge, ulifungwa mwaka 1968. Kesho yake nikampeleka Wren's Nest, kilima kilicho hapo hapo Dudley katikati ya nyumba za watu, ambako ukiinama unaokota mawe yenye alama za wadudu wa baharini waliokufa zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Eneo lote la Black Country liliingizwa na UNESCO kwenye orodha yake ya hifadhi za miamba mwaka 2020. Tukatembea kando ya mfereji uliochimbwa kwa ajili ya majahazi ya makaa, sasa una bata. Sabuni zake aliniachia, na nimezifulia, sabuni nzuri.

Mgeni mwingine ni rafiki wa mume wangu, mtu wa Mombasa anayekaa London. Huyo alikuja akitegemea maduka ya Waafrika mtaa mzima. Tulipofika soko la Dudley akasimama kwa muuza matunda, mzungu mtu mzima, akamuuliza kwa adabu kabisa: hapa si Black Country, mbona weusi siwaoni? Yule mzee hakukasirika. Akaonyesha chini kwa kidole, akamwambia, umesimama juu yake. Halafu akampa zabibu aonje. Lakini mgeni wetu alipata faraja mahali ambapo hakuitegemea. Chipsi za huku ni za rangi ya chungwa, wageni wengi hudhani ni viazi vitamu. Si viazi vitamu, ni viazi vya kawaida vilivyochovywa kwenye unga uliokorogwa ukatiwa rangi, kisha vikakaangwa. Alipotia kimoja mdomoni akanishika mkono: "Hivi si viazi karai!" Akala sahani mbili, akawa anauliza kama watampa na ukwaju.

Jambo jingine, usiwaambie watu hawa kwamba wao ni wa Birmingham. Nyinyi nimekuwa nikiwaambia nipo Birmingham ili mnielewe haraka, maana ndio mji mkubwa jirani, lakini huku kusema hivyo ni kama kumwambia Mpemba kwamba yeye ni Muunguja. Mnakumbuka Januari 2020 Samatta aliposajiliwa Aston Villa, simu yangu haikulala, wote mnanipongeza kwamba nahodha wetu amekuwa jirani yangu. Mimi nikaenda kazini nina furaha, nikamsimulia mzee niliyekuwa nikimhudumia. Kimya. Mzee ni shabiki wa West Brom, mahasimu wa Villa, tangu utotoni. Baadaye akasema, kama ni mtoto wa kwenu basi afunge magoli, ila Villa wafungwe.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha huku. Kazi yangu, kama mnavyojua, ni kuzungukia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwavisha, kuwapa dawa na chai. Asubuhi moja akaangalia dirishani akaniambia, kwa Kiingereza chao, kwamba kumekuwa kweusi juu ya nyumba ya mama yake Bill. Nikadhani kuna moto, au kuna msiba kwa jirani. Nikamuuliza Bill ni nani, nimpigie nani simu? Akacheka mpaka akakohoa. Maana yake ni kwamba wingu la mvua limetanda kule mbali. Bill hayupo, na mama yake hayupo. Wakati wa kuondoka husema "tara a bit", yaani kwaheri kidogo, tutaonana, na mimi sasa naisema bila kufikiri.

Kwenye ukingo wa dirisha lake kulikuwa na pete moja ya mnyororo. Moja tu, si mnyororo. Nilipokuwa nafuta vumbi ilinibidi niinyanyue kwa mikono miwili. Ukiitazama karibu unaona pale ncha mbili za chuma zilipopigwa nyundo zikashikana, pana kovu dogo kama la mshono. Bibi yake alikuwa mfua minyororo Cradley Heath. Wanawake wa pale walifua kwenye vibanda nyuma ya nyumba zao, watoto wamelala kando ya tanuri. Mwaka 1910 waligoma wiki 10, wakiongozwa na Mary Macarthur, mpaka wakapata kima cha chini cha mshahara, peni mbili na nusu kwa saa, ambacho kwa wengi wao kilikuwa kama mara mbili ya walichokuwa wakipata. Mzee alikuwa akiisimulia habari hiyo kana kwamba ilitokea juzi. Na nanga kubwa ya meli ya Titanic, tani 15 na zaidi, ilitengenezwa Netherton, hapa hapa Dudley, ikapitishwa barabarani mwaka 1911 kwa gari lililovutwa na farasi 20.

Mnyororo upo pia kwenye bendera yao, iliyochorwa na msichana wa shule mwaka 2012: nyeusi na nyekundu kama alivyosema Burritt, katikati pembetatu nyeupe ya tanuri la vioo, na mnyororo umepita mbele. Mara ya kwanza nilipoiona imetundikwa barabarani moyo ulinipasuka. Sisi ni watu wa pwani, baba mdogo. Mnyororo tunaujua kutoka Bagamoyo, hatuujui kama alama ya fahari. Na si mimi peke yangu. Mwaka 2017 mbunge wa Wolverhampton, Eleanor Smith, mwanamke ambaye wazazi wake walitoka Karibiani, alisema wazi kwamba mnyororo ule unamsumbua, kwa sababu karakana za huku zilitengeneza vyuma vya biashara ya utumwa. Watu wengi walimjia juu, wakasema ile ni alama ya jasho la babu zao. Mimi naona yeye alikuwa na haki ya kusema, na bibi wa yule mzee naye alikuwa na haki ya kukumbukwa. Siku hizi nikiiona bendera nakumbuka yote mawili, na siwezi kuchagua moja.

Sasa hilo la weusi. Wapo, tena wengi, Wajamaika, na pamoja nao Wahindi wa Punjab wenye mahekalu makubwa, waliokuja baada ya vita vya pili kufanya kazi kwenye viwanda vya kuyeyushia chuma. Waliokuja mwanzo hawakupokewa kwa maua. Smethwick, iliyo Sandwell, mwaka 1964 ilikuwa na uchaguzi wa ubaguzi mtupu, na halmashauri ikawa na mpango wa kununua nyumba za Marshall Street ili wapewe wazungu tu. Februari 1965 Malcolm X, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, alikuja kuuona mtaa huo kwa macho yake, siku 9 kabla ya kuuawa. Enoch Powell, yule wa hotuba ya 1968 dhidi ya wahamiaji, alikuwa mbunge wa Wolverhampton. Mwishoni mwa miaka ya 1970 West Brom ilichezesha weusi watatu kwa pamoja, Laurie Cunningham, Cyrille Regis na Brendon Batson, wakirushiwa ndizi viwanjani. Leo wana sanamu katikati ya West Bromwich, na yule mzee wangu, mzungu wa Black Country halisi, alikuwa na picha ya Regis ukutani juu ya televisheni. Kwa hiyo msiniulize kama kuna ubaguzi au hakuna. Nimewahi kuambiwa mlangoni na familia ya mgonjwa kwamba wanataka "mtu mwingine". Na nimewahi kuletewa supu na jirani siku tatu mfululizo nilipougua.

Maisha yenyewe ni kazi. Kampuni ya kwanza niliyofanyia haikuwa ikilipa muda wa njiani. Unatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kiza, unarudi saa nne usiku kiza, halafu malipo ni ya saa saba tu, kwa sababu dakika za kwenye basi kati ya mzee na mzee hazihesabiwi. Niliondoka. Ninapokaa sasa ni nafuu, lakini wakati wa baridi gesi inakula mshahara kabla sijaugusa, ndiyo maana mwezi wa pili huwa nachelewa kutuma. Si kwamba nimewasahau.

Na kwa kijana, naomba anisikilize kama dada yake. Viza hutolewa na serikali ya Uingereza, moja kwa nchi nzima, hakuna ya Dudley wala ya Walsall. Njia ya kuja kulea wazee, ambayo wakala ndiyo anayoiuza, imefungwa kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi tangu tarehe 22 Julai 2025. Kabla ya hapo, tangu Machi 2024, waliopitia njia hiyo walikuwa hawaruhusiwi kuja na mke wala watoto. Nimekutana na watu huku waliouza kiwanja kwao kununua barua ya udhamini, wakafika, hakuna kazi. Mmoja alilala kwetu sebuleni wiki tano. Anayekuambia Black Country ni nchi ya weusi ama hajui kitu au anajua vizuri kabisa.

Kama kijana anataka kuja kusoma, hilo ni jambo jingine, nitamsaidia kutafuta chuo na tutapiga hesabu ya ada pamoja, hesabu ya kweli. Kama ameshatoa kianzio, kesho asubuhi uende naye wewe mwenyewe, baba mdogo, usimwache aende peke yake, na mdai hiyo fedha mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mkitoka hapo nipigieni. Kesho sina zamu, simu itakuwa mkononi.