Sitari ya Kihindi: namna ya kuisikiliza, na wapi pa kusema "wah!"

Aliyelelewa na taarab akienda kwenye onyesho la sitari la India ya Kaskazini hujiona mwenyeji, maana tabla anaijua. Kisha robo saa nzima inapita na tabla haijaguswa. Hiyo ni alap: sitari peke yake, tanpura (ala ya nyuzi inayoshikilia sauti ya msingi) ikivuma nyuma, hakuna mapigo ya kuhesabu. Usiutafute mdundo humo. Shika sauti moja tu, Sa, ile ya msingi, ambayo tanpura haichoki kuirudia, kisha fuatilia jinsi mpigaji anavyoiacha na kuirudia. Kwenye raga (utaratibu wa sauti unaoongoza wimbo) iitwayo Yaman, ya jioni, mara nyingi atakawia kwenye Ni, hatua moja chini ya Sa, na Sa yenyewe akucheleweshee makusudi.

Tabla ikiingia, weka kiganja pajani. Anza na mzunguko wa mdundo uitwao tintal: mapigo 16, mafungu manne ya mapigo manne. Piga kofi pigo la 1, la 5 na la 13. La 9 geuza kiganja juu bila kupiga. Wengi hupotea papo hapo kwa sababu wanategemea mkono na kulisahau sikio. Sikiliza ngoma ya kushoto, yenye besi: katika mpigo wa kawaida hunyamaza kuanzia pigo la 10 hadi la 13, ikarudi la 14. Besi ikirudi, ujue yamebaki mapigo matatu kufika pigo la 1, linaloitwa sam.

Ukipotea, usibahatishe namba. Tazama nani anarudia. Sitari ikitangatanga, tabla ndiyo inayoshika mzunguko. Tabla ikianza vituko vyake, sitari ndiyo inarudia kipande kilekile kama kiitikio. Mwendo ukiwa wa kasi, acha kuhesabu 16, hesabu mafungu manne.

Sasa, kuitikia. Mpigaji akirudia kipande mara tatu na pigo la mwisho likaangukia sam, hiyo ni tihai, na hapo ukumbi hutoa "wah!" au "kya baat!" Sema nawe, kwa sauti ya kawaida. Kupiga makofi kufuata mdundo ni kumharibia mwenye tabla. Noti nazo zibaki mfukoni: kutunza jukwaani ni mambo ya qawwali, nyimbo za Kisufi, hapa si mahali pake. Wala usishangilie nyuzi zikilinganishwa sauti kabla ya kuanza. Hadhira ya Madison Square Garden ilifanya hivyo tarehe 1 Agosti 1971, na mpiga sitari Ravi Shankar akawajibu kwa utani kwamba kama wamefurahia hilo, basi muziki wenyewe watafurahia zaidi.

Kwa mazoezi ya nyumbani, tafuta rekodi iliyoandikwa "madhya laya" (mwendo wa kati) au "drut" (wa kasi) tintal, ruka hadi tabla inapoingia, upige mkono dakika kumi. Khayal (mtindo wa kuimba) ya vilambit, yaani mwendo wa polepole, iache kwanza: mzunguko wake mmoja wa ektal, mapigo 12 tu, unaweza kukaribia dakika nzima.