Urusi baada ya ukomunisti: majibu kwa wasomaji

Swali: Je, ukomunisti ulipoanguka, Urusi ilianza upya katika mambo ya nje?

Jibu: Hapana. Mikhail Gorbachev, kiongozi wa mwisho wa Umoja wa Kisovieti, alipojiuzulu tarehe 25 Desemba 1991, Umoja huo ulikuwa umekwisha kugawanyika kuwa nchi 15, lakini ni Urusi pekee iliyorithi kiti cha kudumu katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, pamoja na kura yake ya turufu. Kilichoondoka ni itikadi, si mirathi ya dola kubwa.

Swali: Mbona basi miaka ya mwanzo ilipatana na nchi za Magharibi?

Jibu: Waziri wa Mambo ya Nje, Andrei Kozyrev, aliamini kwamba Urusi ya kidemokrasia haikuwa na sababu ya kugombana na Magharibi, na uchumi uliokuwa ukiporomoka ulihitaji mikopo. Hata hivyo, upinzani nyumbani ulikuwa mkali. Desemba 1992, mjini Stockholm, Kozyrev aliwashtua mawaziri wenzake wa mambo ya nje wa nchi nyingine kwa hotuba iliyodai kuwa katika eneo lililokuwa la Usovieti Urusi italinda maslahi yake kwa kila njia, zikiwamo za kijeshi. Muda mfupi baadaye akarudi kueleza kwamba alitaka tu kuwaonyesha yatakayokuja iwapo wapinzani wa Rais Boris Yeltsin watashinda. Nikiisoma leo hotuba hiyo nahuzunika, kwa maana mengi aliyoyataja kama onyo yamekuja kutimia.

Januari 1996 nafasi yake ilichukuliwa na Yevgeny Primakov, aliyetaka dunia isitawaliwe na dola moja. Machi 1999, akiwa Waziri Mkuu, aliigeuza ndege yake juu ya Atlantiki akielekea Washington, baada ya kuarifiwa kuwa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilikuwa karibu kuishambulia Yugoslavia. Kwangu mimi, kipindi cha Kozyrev kilifungwa rasmi siku hiyo.

Swali: Je, kupanuka kwa NATO ndiko kulikoleta vita vya Ukraine?

Jibu: Kuliongeza kinyongo, lakini hakuiondolei Urusi wajibu wake. Desemba 1994, mjini Budapest, Urusi, Marekani na Uingereza ziliahidi kuheshimu mipaka ya Ukraine, ambayo kwa upande wake ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake. Kutwaliwa kwa Crimea, rasi ya Ukraine, mwaka 2014 na uvamizi wa 2022 kulivunja ahadi hiyo, na sioni hoja inayoweza kulihalalisha jambo hilo.

Swali: Na Afrika ilipata nini?

Jibu: Kwanza ilisahauliwa. Mwaka 1992 Urusi ilifunga balozi zake kadhaa barani, na chuo kikuu cha Moscow kilichosomesha vijana wengi wa Kiafrika kikaondolewa jina la Patrice Lumumba, ambalo kilirudishiwa mwaka 2023. Katikati ya hapo ulifanyika mkutano wa 2019 mjini Sochi, Urusi, wa kwanza wa viongozi wa Urusi na Afrika. Lakini urafiki huo haukuleta msimamo mmoja: tarehe 2 Machi 2022, katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliunga mkono azimio la kupinga uvamizi, ilhali Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia kupiga kura.