Jibu: Wenyeji wa asili wa Taiwan, lugha na kazi zao za mikono

Mkuu, umeuliza kama wenyeji wa asili wa Taiwan ni Wachina, na wana kazi gani za mikono. Hapana, si Wachina. Serikali ya kule inatambua makabila 16, na lugha zao ni za jamii ya Kiaustronesia, ukoo mmoja na Kimalagasi cha hapo jirani Madagaska. Kichina wanakiongea, ndiyo, ila kilisukumwa na shule. Kabla ya Kichina kusukumwa hivyo, 1895 hadi 1945, watawala walikuwa Wajapani. Sheria ya 2017 imezipa lugha zao hadhi ya lugha za taifa, lakini vijana wengi, hasa wa mjini, hawazijui vizuri.

Kazi za mikono? Kati ya makabila hayo, Wapaiwan wana shanga za kioo, Watao wa kisiwa cha Lanyu wana mitumbwi ya mbao iliyopakwa nyekundu, nyeupe na nyeusi. Kura yangu naipa Waatayal, kwa ufumaji wao wa vitambaa. Mfumaji hukaa chini na kunyoosha miguu, akakanyagia gogo lililokombwa ndani linaloshika mtande, yaani nyuzi za urefu. Mkanda unapita nyuma ya kiuno, akiegemea tu nyuzi zinakaza. Nyuzi ni za mmea wa rami. Zamani binti asiyejua kufuma hakuchorwa tatuu usoni, na bila hiyo kuolewa ilikuwa shughuli. Tatuu hizo Wajapani walizipiga marufuku.